Namba ya Simu Kwenye Ukuta wa Bukoto

Kila asubuhi, kabla ya kumjibu mtu salamu, Phelister Nabangala hutoka nje na kubandika kiganja cha mkono wa kushoto ukutani. Ni ukuta wa ua wetu tu, ule ulio nyuma ya bomba, ambao plasta yake imeanza kumeguka. Hukiacha kiganja pale kidogo, leso ya kulalia ikiwa bado imefungwa kifuani, kisha hukinusa. Ukuta ukiwa na unyevu, husonya. Ukiwa mkavu, husonya vilevile, kwa sababu siku hizi hauamini. Baada ya hapo ndipo hutugeukia sisi wapangaji wenzake na kusema, "Haya, mmeamkaje?"

Tunaishi Old Kampala, upande wa chini ya msikiti, katika nyumba ndefu iliyogawanywa vyumba vingi kuliko alivyokusudia aliyeijenga. Kazi ya Phelister ni kuandika mabango: majina ya maduka, bei za saluni, onyo la mbwa mkali, picha ya kuku wa kukaanga juu ya mlango wa hoteli. Katika kazi hiyo mvua ndiyo mwajiri mkuu. Zamani mwajiri huyo alikuwa na utaratibu. Mwezi wa sita na wa saba Phelister alipanda ngazi bila wasiwasi, na tena kuanzia Krismasi hadi mwezi wa pili. Miezi mingine alipaka ndani ya nyumba za watu, au alikwenda nyumbani Kimilili, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, akasaidia kupalilia. Sasa inanyesha inapotaka. Nimemwona akiondoka na makopo yake jua likiwaka, akarudi baada ya muda mfupi akiwa ameloa hadi kwenye kope, herufi alizoziandika zikiwa zimeharibika kabla ya kukauka.

Alifika mjini na kaka yake Cleopas miaka michache baada ya vita vya msituni, wakati Wahindi walipoanza kurudishiwa maduka yao na kila duka likataka jina jipya. Cleopas ndiye aliyekuwa fundi. Phelister, msichana mwembamba wakati huo, alishika ngazi, akachanganya rangi, akajaza katikati ya herufi ambazo kaka yake alichora kingo zake. Cleopas alipoumia mgongo na kurudi nyumbani, wenye maduka walimwuliza dada mtu fundi yuko wapi. Alipowajibu kwamba fundi ni yeye, walicheka na kumwambia wangesubiri.

Hawakusubiri kwa muda mrefu. Alikuwa na mkono usiotetemeka, na kivuli cha herufi zake kilikuwa kikali hata ungedhani jina la duka lilikuwa limeinuka ukutani na lingeweza kushikwa. Kwa miaka mingi hakukosa kazi. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mtu anapeleka maneno yake asubuhi, mchana anatundika picha ya rangi kumi, na upepo ukiichana anachapisha nyingine. Phelister akaanza kuona kazi zake zikifunikwa moja baada ya nyingine. Tangu hapo hajui kukaa. Hula amesimama. Huosha sufuria safi. Tukizungumza naye uani huzunguka kutoka bomba hadi mlango, mlango hadi bomba, hata mtu akachoka kwa kumtazama.

Habari za mashindano alizipata dukani kwa Nasur, Mnubi mwenye duka la rangi na misumari chini ya mtaa wetu, ambaye amemuuzia rangi tangu siku za Cleopas. Juu ya mlango wa Nasur kuna bango ambalo Phelister analihesabu kuwa bora kuliko yote aliyowahi kuandika. Siku hiyo alikuta limefunikwa nusu na karatasi kubwa ya plastiki iliyofungwa kwa waya.

"Nasur! Umenizika nikiwa hai?"

"Wallahi, si mimi," Nasur akasema kutoka ndani. "Vijana wamekuja, wamesema wiki moja tu. Hiyo ni mambo ya mazingira. Soma kwanza, wewe Phelister, halafu utanitukana."

Alisoma. Yalikuwa mashindano ya kuchora. Mada: namna hali ya hewa inavyobadilika mjini. Kila mshiriki angepewa kipande cha ukuta mrefu wa kiwanja kimoja kule Bukoto, karibu na soko, na mshindi angepewa kazi ya mwaka mzima: kuchora kuta za shule na zahanati za mitaa ya bondeni, ile inayofurika.

"Mashindano ya mazingira," Phelister akasema, "wanayatangaza kwa plastiki."

"Wewe utaingia au utacheka?"

"Mimi si msanii. Mimi naandika 'Chapati Moto'."

"Hata chapati inataka mtu anajua kuchora," Nasur akasema. "Sasa ondoka mlangoni, unafukuza wateja."

Aliingia mashindanoni. Jioni alituambia sote uani, akizunguka. Alisema pia jambo ambalo hatukulijua: kwamba alikwisha kumwambia Cleopas kwa simu amtafutie chumba. Kazi isipopatikana mwaka huu angefunga makopo yake na kurudi Kimilili kabla ya Krismasi. Na huko Kimilili, alisema, hakuna anayemjua kwa lolote isipokuwa kuwa dada yake Cleopas.

Nilikuwa likizo, kwa hiyo nilikwenda naye Bukoto kumsaidia kubeba vitu. Washiriki wengi walikuwa vijana wa vyuo. Karibu yetu wanafunzi walikuwa wakichora dunia yenye macho, ikitiririkwa na machozi. Hatua chache mbele kulikuwa na dunia nyingine, nayo inalia. Upande wa kushoto alikuwapo mtu mzima mmoja tu, Onen, fundi seremala kutoka Gulu, mkimya, aliyekuwa akichora korongo amesimama juu ya kisiki kilichoungua. Aliyewasimamia wote alikuwa kijana Mkenya mwenye kitambulisho shingoni, jina lake Travis. Aliposikia lafudhi ya Phelister alifurahi.

"Mama, wewe ni wa kwetu! Bungoma?"

"Kimilili. Na wewe mama yako ni nani?"

"Mimi nimezaliwa hapa hapa Kampala, mama, lakini nyumbani ni Chwele."

"Basi niite senge," Phelister akasema, yaani shangazi kwa lugha ya kwao, na tangu hapo kijana akamwita hivyo, nami nikaiga.

Siku ya kwanza Phelister hakuchora kitu. Alitembea mbele ya ukuta wake, akaugusa, akaondoka, akarudi. Siku ya pili alipiga mistari kwa uzi wa chaki na kuanza kuandika mabango. Aliandika duka la dawa, saluni, kinyozi, hoteli, fundi viatu, yote yamebanana kama yalivyobanana katika mtaa wetu, kila moja kwa herufi za aina yake. Wapita njia wakapata la kusema.

"Nyabo, mama yangu, hii ni mashindano au unatafuta wateja?" akauliza mwanamke aliyebeba ndizi kichwani.

"Vyote," Phelister akajibu bila kugeuka.

"Mama, mimi niandikie 'Nyanya Freshi' hapo pembeni!"

"Leta nyanya kwanza nione kama ni freshi."

Kisha akafanya jambo lililonyamazisha hata wale waliokuwa wakicheka. Alimimina petroli kidogo kwenye kopo la rangi mpaka ikawa nyepesi kama chai, akachovya brashi nene, akaipitisha juu ya herufi alizokuwa amezimaliza vizuri. Rangi ikaanza kuchuruzika. Nyekundu ya kinyozi ikashuka ndani ya bluu ya dawa. Herufi za saluni zikaburura miguu yake mpaka chini. Kuchuruzika ndiyo aibu kubwa ya kazi yake. Nimewahi kumwona akirudi kwa mteja bila kuitwa, kwa sababu ya tone moja tu chini ya herufi. Na sasa alikuwa akichuruzisha kwa makusudi, uso umekunjamana kama mtu anayejichoma mwiba mwenyewe, akisimamisha mchirizi mmoja kwa kitambaa na kuuacha mwingine uende. Chini kabisa alichora maji ya kahawia yakipanda, na ndani ya maji vivuli vya herufi zilizokwisha kuzama.

Onen aliacha korongo wake akaja kutazama.

"Hiyo ndiyo mwezi wa tano," akasema.

"Hiyo ni kila mwezi siku hizi," Phelister akasema, "ndiyo maana naichora."

Alimaliza asubuhi ya siku ya mwisho. Majaji walikuwa waje alasiri. Alirudi nyuma, akakunja jicho moja, akaingia tena, akasafisha ukingo. Halafu, kama vile mtu anavyofunga mlango akitoka nyumbani, alichukua brashi nyembamba na rangi nyeupe ya mafuta, akachuchumaa pembe ya chini upande wa kulia, na kuandika PHELISTER, na mbele yake namba yake ya simu.

Hakuna mwandishi wa mabango asiyefanya hivyo. Lakini kwake ilikuwa zaidi ya desturi. Wakati ule wenye maduka walipokuwa wakiuliza fundi yuko wapi, hakubishana nao. Aliandika jina lake chini ya kila ukuta, akaweka namba, na mtu aliyependa kazi alipopiga simu alisikia sauti ya mwanamke. Hivyo ndivyo mji ulivyomjua. Mkono wake uliandika namba ile Bukoto bila kumwuliza.

Travis aliiona alipopita kukagua. Akashika kichwa.

"Senge! Senge, hapana. Hukusoma masharti?"

"Nilisoma mada."

"Jina haliruhusiwi. Namba hairuhusiwi. Alama yoyote hairuhusiwi. Mwaka jana mshindi alikuwa mpwa wa jaji, watu walipiga kelele mpaka tukaitwa redioni. Majaji wakiona jina, kazi inaondolewa mashindanoni. Hata mimi siwezi kukutetea."

"Ni namba tu, mwanangu. Kila ukuta una namba."

"Ukuta huu hauna. Ifute, senge, tafadhali. Kabla hawajafika."

Akaenda kwa wengine. Phelister alibaki ameutazama ukuta, kisha akaanza kutembea. Alikwenda hadi kwa Onen, akarudi. Akavuka barabara mpaka kibanda cha soda, hakununua kitu, akarudi. Kuifuta isingewezekana bila kuharibu maji ya kahawia yaliyokuwa chini yake, maana rangi ilikuwa imeanza kushika. Ilibidi ifunikwe.

"Kazi ya mwaka mzima," alisema. Hakuniambia mimi, aliuambia ukuta.

Alichuchumaa penye mfuko wake. Akatoa kopo, akalitikisa, akalirudisha. Akatoa jingine, akalifungua, akalichanganya na udongo mwekundu kidogo mpaka likakaribia rangi ya yale maji, na kwa mipigo michache jina na namba vikatoweka. Ukitazama hungejua kulikuwa na kitu. Travis alipopita tena alimwinulia kidole gumba.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwezi wa vumbi. Majaji walichelewa. Tulikuwa tumeketi kivulini, yaani mimi nimeketi na yeye amesimama, mbingu ilipogeuka rangi upande wa ziwa. Hakuna aliyeamini mpaka matone ya kwanza yalipopiga mabati ya soko. Kisha ikashuka yote kwa pamoja. Wanafunzi walikimbia na karatasi zao vichwani. Sisi tulibanana barazani kwa muuza dawa, na wauza mboga wakaja na mabeseni yao, na kila mtu akawa na maoni.

"Mwezi wa saba, bannange!"

"Hawa watu wa mazingira ndio wameiita. Wamechora mvua, mvua imekuja."

"Mama yule ndiye ameiita, yule wa kuchuruzika!"

Watu wakacheka. Phelister hakucheka. Alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara, ambako ukuta haukuonekana kwa mvua, na mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Mvua ilikatika ghafla kama ilivyoanza. Majaji wakateremka kwenye gari, mwanamume na mwanamke, wakiruka madimbwi. Walipita kwenye dunia ya kwanza yenye machozi, wakapita ya pili. Kwa Onen walisimama. Walipofika kwa Phelister walisimama zaidi. Ukuta ulikuwa umelowa, maji ya kweli yalikuwa yakishuka juu ya rangi iliyochuruzika, na hata mimi niliyeuona ukichorwa sikuweza kusema maji yapi yamechorwa na yapi ni ya mvua. Jaji mwanamke alimwita mwenzake asogee. Akasema jambo, wakatikisa vichwa kwa kukubali. Akainama kutazama herufi zilizozama.

Pembe ya chini upande wa kulia, rangi ya kufunikia ilikuwa imeteremka yote na kuwa dimbwi dogo la matope mekundu. Na pale juu yake, nyeupe, safi, iliyong'aa kuliko kitu kingine chochote kwenye ukuta ule, ilisomeka PHELISTER, na namba yake.

Jaji alisimama wima. Alimtazama Travis. Travis alitazama viatu vyake.

"Sharti ni sharti," jaji mwanamume akasema, kwa upole, na wakasogea mbele.

Korongo wa Onen ndiye aliyeshinda. Phelister alikwenda kumpa mkono. "Ndege wako ana macho ya mtu," akamwambia, na alimaanisha. Travis alitufuata hadi barabarani akirudia, "Pole, senge, pole sana, nilikuambia," mpaka Phelister akageuka na kumwambia aende nyumbani akabadilishe soksi, asije akapata homa.

Nasur ndiye aliyetaka kujua kila kitu. Alisikiliza akiwa ameegemea kaunta, na tulipofika kwenye kufunika namba akainua mkono.

"Ngoja. Ulifunika na nini?"

"Na rangi."

"Rangi gani?"

"Ya maji."

"Rangi ya maji? Juu ya rangi ya mafuta?" Nasur akanigeukia mimi, kama shahidi. "Huyu mwanamke mimi namuuzia rangi toka hana mvi. Hata mtoto wa shule anajua ya maji haishiki juu ya mafuta. Inakauka, unaona imekaa, maji yakigusa, kwaheri! Si ulikuwa na kopo ya mafuta ya kahawia? Mimi mwenyewe nimekuuzia!"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa?"

"Sasa nipe misumari, Nasur, nina mlango unaolegea," Phelister akasema, akaweka pesa kaunta na kutoka bila misumari.

Wiki zilizofuata simu yake ililia. Baadhi ya waliopiga walikuwa vijana wa Bukoto waliotaka kusikia tu kama namba ni ya kweli. Mmoja alimwuliza anaroga mvua kwa bei gani. Lakini mwenye hoteli ya karibu na soko alitaka jina la hoteli yake liandikwe kwa mkono, "lakini lisichuruzike, nyabo, nakuomba," na baada yake fundi wa pikipiki, na baada yake kanisa dogo. Si kazi ya mwaka. Ni kazi ya wiki hii, na labda ya ijayo. Cleopas naye amekwisha kupata chumba huko Kimilili, na amepiga kuuliza atakuja lini. Begi la Phelister liko mlangoni mwake, limefungwa. Akipigiwa simu hulifungua, hutoa brashi anazohitaji, na jioni huziosha na kuzirudisha ndani ya begi, akavuta zipu mpaka mwisho. Hajatuambia ataondoka, wala hajatuambia atabaki.

Jumapili moja nilimkuta akiziosha uani. Alikuwa amechuchumaa, na kwa kuwa mara chache hukaa mahali pamoja, nilichuchumaa karibu naye. Nilikuwa na swali moja, nami nilikuwa nimelibeba tangu dukani kwa Nasur.

"Senge," nikamwuliza, "siku ile ulipochagua lile kopo, ulijua kwamba rangi haitashika?"

Aliikamua brashi, akaitazama ncha yake.

"Nilijua," akasema. "Nilitaka ishike siku hiyo tu, majaji wapite. Halafu mvua ya mwezi wa tisa ije iioshe, jina lionekane."